Miaka Yangu ya Kubeba Mkojo wa Watu Wenye Afya

Nimeacha kazi kwa sababu moja tu, mgongo. Akili bado ni kali, macho yanaona mbali kuliko ya vijana wengi wanaoshinda kwa simu, na hakuna barabara ya Isiolo ambayo imewahi kunirudisha nyumbani bila nilichofuata. Lakini mawe ya njia ya Merti yamenigonga miaka mingi nikiwa juu ya pikipiki, na sasa nikiinama kufunga kamba ya kiatu nalazimika kumwita mtu aninyanyue. Daktari Nkatha, ambaye ndiye aliniingiza katika kazi hii, alinishauri niandike mambo niliyoyaona, yawafae ninyi mnaochukua nafasi yangu. Nikamwambia mimi shule niliachia darasa la sita.

"Ekiru," akasema, "wewe huongea tangu asubuhi hadi jioni bila kumeza mate. Andika vile unavyoongea."

Basi naandika. Habari za mshahara sitazigusa, na cheo changu kilikuwa kimoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, mkusanyaji. Huko mashinani waliniita Bwana Mkojo, nami nikaitika. Majina ya watu niliowabebea mkojo wao siyataji, isipokuwa Talaso wa Biliqo na watu wa nyumba yake, kwa sababu wao wenyewe waliniambia niyaandike, na Talaso akaongeza kwamba nikiongeza uongo atanifuata mpaka nyumbani kwangu, mtaa wa Wabera.

Mjue kwanza mimi ni nani. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Niliingia mjini Isiolo nikiwa na shuka na fimbo, nikachunga mbuzi za watu, nikachinja kwenye machinjio, nikafungua bucha yangu Wabera, nikanunua pikipiki, nikajenga nyumba ya mawe. Kiturkana ni cha mama yangu. Kiborana, Kisomali, Kimeru na Kiswahili nilivinyakua sokoni bila mwalimu. Kaunti zilipoanza, ofisi zilijaa mjini na kila mtu akatafuta mlango wa kuingilia. Mimi sikutafuta. Mlango ulikuja buchani kununua maini.

Mlango huo alikuwa Daktari Nkatha, mama wa Kimeru, mfupi, mwenye sauti ndogo na macho yasiyokuachilia. Alinisikia nikimjibu kila mteja kwa lugha yake, akaniajiri. Alikuwa amekodi chumba nyuma ya duka la dawa, ameweka friji mbili na sanduku za chupa. Siku yangu ya kwanza nilimkuta akizipanga.

"Tunataka mkojo," akaniambia.

"Wa wagonjwa wa wapi?"

"Si wa wagonjwa. Wa watu wenye afya."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Mtu mwenye afya, mkojo wake wa nini? Alingoja nimalize, kisha akanieleza kwamba daktari hawezi kujua kilichoharibika mpaka ajue kizima kinafananaje. Vipimo vilivyo vitabuni, akasema, vingi vilitoka kwa watu wa nchi za baridi wanaolala vitandani na kula mara tatu. Nani amewahi kumpima mtu anayetembea nyuma ya ngamia kutoka alfajiri, akinywa maziwa na chai tu? Ndani ya mwili kuna homoni zinazoitwa steroidi. Zinatengenezwa, zinafanya kazi yake, ini linazivunja, figo zinazimwaga. Kwa hiyo ukikusanya mkojo wa mtu, kutoka asubuhi moja hadi asubuhi ya pili, umepata habari za kazi ambayo mwili wake ulifanya bila yeye kujua.

"Zinatengenezwa wapi?" nikauliza.

"Wewe ni mchinjaji. Kesho niletee figo ya mbuzi, usiondoe mafuta."

Nikamletea. Aliyapasua mafuta kwa kisu kidogo, polepole, na pale juu ya figo akatoa kitu kama punje ya maharagwe, rangi ya udongo. Nilikijua. Nimekiona maisha yangu yote. Nimekikata pamoja na mafuta nikakitupia mbwa, na siku za njaa nimekichoma nikakila. Akakikata katikati akanionyesha ganda la nje na kiini cha ndani.

"Hata wewe unazo mbili," akasema. "Hilo ganda la nje ndilo linatengeneza kotisoli, ya kukuamsha na kukupa nguvu ukiwa na njaa au hofu. Linatengeneza pia homoni inayoshikilia chumvi mwilini. Na sehemu ya homoni za kiume, kwa wanaume na kwa wanawake."

Sikujibu. Wanaonijua wataelewa uzito wa jambo hilo. Nilikuwa nimechinja mbuzi ambao hata sijui idadi yao, nikijidai kwamba hakuna pahali katika mnyama nisipopajua, na kumbe kila siku nilikuwa nikimtupia mbwa kitu kinachoamka kabla ya mwenyewe. Maana ndivyo alivyonieleza. Kichwani, nyuma ya shina la pua, kuna tezi nyingine ndogo inayotuma amri. Usiku amri hupungua. Alfajiri, kabla muadhini hajakohoa, inapanda, na hizi tezi za juu ya figo zinaanza kumwaga kotisoli ili mtu afungue macho akiwa tayari. Nikatoka nje ya chumba kile nikaangalia watu wa barabarani, wa boda, mama wa miraa, askari wa kaunti amesinzia kwenye kiti. Kila mmoja anatembea na vitu hivyo viwili, na hakuna anayejua.

Sasa kazi yenyewe. Sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi huharibu. Asubuhi ya kwanza mtu akojoe, amwage. Kuanzia hapo, kila tone liingie jerikeni, mchana na usiku, mpaka asubuhi ya pili, na ule wa asubuhi ya pili nao uingie. Ukikosea mwanzo, umebeba mkojo wa bure kutoka Sericho hadi mjini, na barabara ile haina huruma. Nilikuwa na mzee mmoja wa Sericho, mfuga ngamia, ambaye alibishana nami kama wakili.

"Unasema mnataka wote," akasema.

"Wote, mzee."

"Na wa kwanza, ambao ndio mzito, nimwage."

"Ule ni wa usiku uliopita. Tulikuwa hatujaanza kuhesabu."

"Basi nianze jioni."

"Mzee, anza unapotaka, lakini umwage wa kwanza."

Alikubali aliponiona naketi. Hilo ndilo la pili la kushika. Msimpe mtu jerikeni mkiwa mmesimama. Keti, kunywa chai, uliza habari za mvua na wanyama, ukubali kutaniwa. Na kwa ndugu zetu Waislamu, mkojo ni najisi. Usiuweke karibu na mahali pa kuswalia, usiubebe pamoja na maji ya kunywa, na ukimaliza kuushika unawe mbele yao waone. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nilifunga jerikeni zangu nyuma kabisa ya pikipiki, katika gunia lake peke yake, na hakuna aliyewahi kunifukuza.

Mzee yule wa Sericho ndiye aliyenichekesha kuliko wote. Nilipokuja kuchukua jerikeni, Daktari alikuwa pamoja nami, na akamweleza kwamba ndani ya mkojo wa mwanaume kuna pia homoni za kike, kidogo, na ndani ya mkojo wa mwanamke za kiume. Akamwambia pia kwamba mabaki mengi ya homoni za kiume yanayotoka kwa mkojo wa mwanaume asili yake ni hizo tezi za juu ya figo, kuliko kule chini ambako wanaume hujisifia. Kisha yule mzee akamgeukia mwenzake.

"Nimekuambia siku nyingi. Wewe ukijisifu, unasifu mafuta ya figo."

"Na wewe una mwanamke ndani."

"Ndiyo sababu bibi yangu hanishindi kwa maneno."

Walicheka, lakini nikaona mmoja wao amejishika kiunoni, nyuma, pale figo zilipo, kwa upole, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala. Mimi pia hufanya hivyo mpaka leo.

Biliqo tulifika baadaye, kwa kazi ya wanawake. Hii ilikuwa tofauti. Mwanamke alitakiwa kukojoa katika mkebe kila asubuhi kwa mwezi mzima, tangu siku ya kwanza ya damu hadi damu nyingine, kisha amimine kidogo katika chupa. Daktari alikuwa anatafuta mabaki ya homoni inayoitwa projesteroni. Plastiki ya bei rahisi ilikuwa inapasuka kwa jua la kule, kwa hiyo kila mwanamke alipewa mkebe wa chuma wenye kifuniko. Nami niliwaambia jambo moja nikalirudia, mkebe uwe safi. Ukiwa mchafu, kazi yote imekufa.

Talaso alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukua mkebe. Mwanamke mrefu, mke wa Guyo, mtu wa ngamia. Miaka mitano ya ndoa, hawajapata mtoto. Alinifuata hadi kwenye pikipiki.

"Mzee, huu mkojo unaweza kusema kama mwili wangu unafanya kazi?"

"Kazi gani?"

"Usijifanye mtoto. Una watoto wangapi?"

"Sita."

"Basi kazi hiyo."

Nikauliza kuna nini. Akaniambia bila kulia, bila kupandisha sauti. Galgalo, baba mdogo wa Guyo na mkubwa wa ukoo wao pale, alikuwa ameamua Guyo aoe mke mwingine. Ngamia walikuwa kwenye fora, malishoni mbali, na mvua ikinyesha wangerudi. Wakisharudi, wale wa mahari watatengwa na wazee wataenda kwa familia ya msichana huko Merti. Wameshakubaliana hata ni ngamia gani.

"Mke wa pili si shida," akasema. "Mama yangu aliishi na mwenzake wakapendana. Shida ni kwamba ataingia nikiwa naitwa maiti. Galgalo amesema hivyo mbele ya watu, kwamba Guyo amelala na maiti miaka mitano. Nataka kujua kama ni kweli kabla ngamia hawajatengwa."

Nilimpelekea Daktari swali hilo neno kwa neno. Alifikiri, akasema Talaso ana haki ya kuambiwa habari za mkojo wake mwenyewe, yeye na hakuna mwingine. Yai likitoka, projesteroni itapanda, na itaonekana. Lakini kama mtoto atakuja au hatakuja, mkojo hausemi. Nikarudi kumwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaingia nyumbani na mkebe wake.

Mwezi ule ukaisha, nikapeleka chupa zote za Biliqo mjini katika barafu, zikaenda Nairobi. Majibu yakawa aibu. Maabara ilisema ndani ya chupa za Biliqo, na za Biliqo peke yake, kulikuwa na vitu visivyotoka kwa mwili wa binadamu, na vimefunika vile vilivyotafutwa. Mtu mmoja wa huko akauliza kwa simu kama mkusanyaji huweka chupa pamoja na mafuta ya pikipiki. Yaani mimi. Sikuongea siku hiyo hadi jioni, na bibi yangu huitaja siku ile mpaka leo kama mapumziko.

Daktari alikwenda kwenye sanduku la mikebe niliyorudisha, akafungua mmoja, akanusa. Akaninyooshea.

"Nusa."

"Hauna kitu. Umeoshwa."

"Nusa tena, Ekiru."

"Ni harufu ya Biliqo tu."

"Biliqo inanuka nini?"

"Inanuka maziwa ya ngamia," nikasema. "Inanuka..." Hapo nikanyamaza mara ya pili katika wiki moja. Ilikuwa harufu ya moshi. Pua yangu ilikuwa imepita juu yake kila siku bila kusimama, kwa sababu kwangu harufu hiyo ni ya kukaribishwa nyumbani kwa mtu.

Kwa wale waliokulia mbali, nieleze. Chombo cha maziwa kule hakioshwi kikaachwa. Mwanamke hutia vipande vya mti vinavyowaka ndani yake, hukifunika, hukitikisa, moshi ukaingia kila pahali, kisha hufuta masizi. Maziwa hayaharibiki haraka na yanakuwa na ladha. Kumpa mgeni chombo ambacho hakijafukizwa ni kumtukana.

Tulikwenda Biliqo na Daktari kwa gari. Qabale, mama mkwe wa Talaso, ndiye aliyetupokea, mama mwembamba anayekutazama kana kwamba anakadiria uzito wako. Mimi nilikuwa namwogopa kidogo. Talaso pia, maana alidhani mama huyu yuko upande wa Galgalo, na kwamba anauangalia ule mkebe kila asubuhi ili apeleke habari.

"Nagaa, mama," Daktari akasema, amani.

"Nagaa. Mmeleta majibu?"

"Mama, mikebe ilifukizwa?"

"Kwani sisi ni watu gani?" Qabale akasema. "Huyu aliketi hapa akasema chombo kiwe safi. Akasema tena. Nikamwambia Talaso, huyu Mturkana anatudhania wachafu. Kila jioni nimeufukiza kwa mkono wangu."

Wanawake wengine walisema hivyo hivyo. Nyumba baada ya nyumba, walikuwa wameufanyia ule mkebe heshima ya chombo cha maziwa. Daktari akaomba kuona mti uliotumika. Qabale akaenda ndani akarudi na kikapu kidogo kilichofunikwa ngozi, kina vibao vyembamba vyeusi. Talaso alipoviona akasimama.

"Hivyo ni vya vyombo vya harusi," akasema.

"Najua ni vya nini," Qabale akajibu. "Nilitaka mkojo wako uingie pahali pazuri. Labda ungesema neno zuri."

Talaso akamtazama mama yule kwa muda mrefu, kisha akaenda akaketi karibu naye, chini, bega kwa bega. Kwa muda wote huo alikuwa amemhesabu mtu wa upande wake miongoni mwa maadui.

Daktari naye akaketi chini. Akasema, kwa heshima, kwamba moshi ule umeiambia Nairobi kila kitu kuhusu mti na kitu kidogo sana kuhusu Talaso. Ilibidi kuanza upya, mwezi mwingine, na mradi haukuwa na pesa za mwezi mwingine baada ya huo. Mkebe uoshwe kwa maji ya moto peke yake.

"Maji ya wapi?" Qabale akauliza.

"Nitaleta mimi," nikasema.

"Chombo bila moshi. Aibu hiyo utaibeba wewe."

"Nitaibeba, mama. Nimezoea kubeba."

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa mlima. Kila mtu Biliqo alikuwa akiomba mvua, na Talaso aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye peke yake anaomba ichelewe kidogo, na anamwomba Mungu amsamehe. Mimi nilikuwa nikienda na kurudi na jerikeni za maji upande mmoja na sanduku la barafu upande mwingine. Barafu ikiyeyuka, mfunge chupa kwa gunia lililolowa na mzitundike penye upepo, kivulini. Hiyo sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa kuuza nyama.

Mvua ilikuja nikiwa nimechukua chupa za mwisho za Talaso. Njiani, mkondo wa lagga ambao asubuhi ulikuwa mchanga mkavu ukawa unapita maji mekundu yenye matawi. Lori lilikuwa limesimama ng'ambo hii, dereva amelala chini yake. Akaniambia ningoje ipungue, labda kesho. Barafu yangu isingefika kesho. Nikavua viatu, nikatafuta vijana watatu wenye kamba, nikaweka sanduku kichwani, na nikavuka maji yakiwa kifuani. Pikipiki niliiacha kwa yule dereva. Ng'ambo ya pili mwenye gari la mawe aliniuliza nimebeba nini cha thamani hivyo. Nikamwambia ukweli. Akanitoa kiti cha mbele, akaniweka nyuma, juu ya mawe.

Ngamia wakarudi Biliqo wakiwa na nundu zilizoanza kujaa. Galgalo akatangaza siku ya wazee kukaa. Majibu yalifika kwa Daktari jioni iliyotangulia siku hiyo, na alfajiri tulikuwa njiani.

Alimwita Talaso ndani ya gari, peke yake. Talaso akasema hataki peke yake, akamvuta Qabale, akanivuta mimi, na akamwita Guyo, mtu asiyesema mengi, ambaye alisimama nje akishika mlango. Daktari akafungua kompyuta yake. Kwenye kioo kulikuwa na mstari. Ulianza chini, ukatambaa chini, siku baada ya siku, mpaka nikaanza kuogopa. Halafu ukapanda. Ukapanda kama kilima kinavyotoka kwenye tambarare ya Merti, peke yake, bila kuomba ruhusa. Ukakaa juu, kisha ukashuka.

"Hapa," Daktari akasema, akigusa pale chini kabla ya kilima, "yai limetoka. Pale lilipotoka pamebaki jeraha dogo, na jeraha hilo limegeuka tezi mpya, ya manjano. Haikuwepo wiki iliyotangulia. Imetengeneza projesteroni, imetayarisha tumbo, imengoja. Hakuna aliyekuja, ikafa, damu ikaja. Hiki kilima ni kazi yake yote."

"Tezi inazaliwa, inafanya kazi, inakufa, ndani ya mwezi mmoja?" Qabale akauliza.

"Ndani ya wiki mbili, mama."

"Nani anaituma?"

"Tezi ya kichwani."

"Na hiyo inatumwa na nani?"

"Na sehemu ya ubongo iliyo juu yake."

"Na hiyo?"

Daktari akatabasamu. "Hapo nami huuliza, mama."

Qabale akaweka mkono kifuani. Mimi nilikuwa nimebeba maji hayo, nimeyavusha kichwani, nimeyaita mkojo kwa miaka, na ndani yake kulikuwa na kiumbe kizima kilichozaliwa na kufa kikiwa kazini.

"Kila mwezi iko hivi?" Talaso akauliza.

"Huu ndio tumeuona. Mingine hatukuiona, siwezi kukudanganya. Na kama mtoto atakuja, huu mstari hausemi."

"Mmoja unatosha," Talaso akasema. "Maiti haifanyi kazi hata mwezi mmoja."

Akatoka garini. Wazee walikuwa wameshakaa nje ya boma la Galgalo, na ngamia wa mahari walikuwa wamelazwa pembeni, wamefungwa miguu. Daktari alibaki nyuma, akasema si mahali pake. Talaso akachukua fimbo mkononi mwa Guyo, akaenda moja kwa moja mbele ya wazee, jambo ambalo sikuwahi kuona mke kijana akilifanya pale. Mchanga ulikuwa bado na unyevu. Akachora mstari, mrefu, kutoka mguu wa mzee wa kwanza hadi karibu na wa mwisho. Chini, chini, kisha kilima, kisha chini.

"Hiyo ni nini?" Galgalo akauliza.

"Ni mwezi. Hapa damu imeisha. Hapa kimya. Hapa yai limetoka. Hapa tumbo linatayarishwa. Hapa limengoja likachoka."

"Mwezi wa nani?"

"Wangu."

Galgalo akanitazama. "Bwana Mkojo, wewe ndiye umemfundisha kuchora?"

"Mimi nilibeba tu, mzee. Mstari umetoka kwake."

"Na unasema atazaa?"

"Hausemi," Talaso akajibu yeye mwenyewe. "Unasema mimi nafanya kazi. Ulisema mimi ni maiti, baba. Ulisema mbele ya hawa."

Mzee mmoja akakohoa. Galgalo akauangalia mchanga, akafuata mstari kwa macho hadi mwisho, akarudi mwanzo. Hakuwa mtu mbaya, mniamini. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba jambo lisiloonekana halipo. Ndipo Guyo akaja, akasimama kando ya mkewe.

"Baba mdogo," akasema, "katika nyumba yangu amepimwa mmoja. Mimi sijapimwa. Mkojo hauwezi kunipima kwa jambo hili, Daktari ameniambia, kuna kipimo kingine hospitali. Nakwenda mjini na Ekiru. Hawa ngamia wafunguliwe."

Alikwenda kweli, nilirudi kumbeba mwenyewe nilipoipata pikipiki yangu. Majibu aliyopewa ni yake, na hayamo humu. Vijana, hilo pia ni sehemu ya kazi.

Asubuhi ile Galgalo hakusema ndiyo wala hapana. Alinyoosha mkono, kijana akafungua kamba, ngamia wakainuka mmoja mmoja wakinung'unika. Kikao kikaisha. Wazee wakasimama, wakajikung'uta mchanga, na njia ya kwenda majumbani ilikuwa mbele yao, ng'ambo ya ule mstari. Galgalo ndiye aliyetangulia. Akafika kwenye kilima cha Talaso, akainua shuka lake kidogo, akazunguka hadi mwisho wa mstari ndipo akapita. Wengine wote wakamfuata njia hiyo hiyo, na hakuna aliyeukanyaga.